Nilimwahidi Bahari, Nikampeleka Lushoto

Msomaji wangu, mwezi huu naanza kwa kukiri. Mimi ndiye ninayehariri kurasa za mahusiano katika jarida hili. Kila mwezi barua zenu zinapita mezani kwangu, na mara nyingi jibu ninalowapa ni lilelile: "Kaeni chini mzungumze." Ushauri mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mwaka jana nilikuwa na jambo langu mwenyewe ambalo sikuwa nimekaa chini na mume wangu tukalizungumza. Ilinichukua safari ya zaidi ya kilomita mia tatu, masweta mawili na kichefuchefu cha kona za Soni ndipo nikafungua mdomo.

Iko hivi. Mwaka jana, mwezi wa saba, tulitimiza miaka mitano ya ndoa. Hanimuni yetu ilikuwa ya siku mbili tu, maana harusi ilitukausha. (Nani asiyezijua harusi za Dar? Kamati inavunjwa, madeni yanabaki.) Tukaahidiana kwamba tukifika mitano tunakwenda Zanzibar, hoteli ya ufukweni, siku nne, simu zimezimwa. Karibu miaka miwili kabla ya siku yenyewe tukafungua akaunti ya pamoja, kila mmoja anaweka elfu sitini kila mwisho wa mwezi. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Machi ya mwaka jana mdogo wangu akanipigia simu usiku. Alikuwa amechukua bodaboda ya mtu kwa mkataba, imeibiwa, na mwenye mali anataka hela yake la sivyo ni polisi. Kama wewe ni mtoto wa kwanza kwenu, unazijua simu za namna hiyo. Huulizi maswali mengi. Unasikia pumzi tu na unajua kwamba ni wewe au hakuna mtu. Kesho yake nilitoa milioni moja na laki nane kwenye ile akaunti. Nikajiambia nitarudisha kabla ya Julai, na kwa kweli nilikuwa namaanisha. Lakini jamani, ni nani aliyewahi kurudisha kwa wakati hela aliyoichukua kwa kujificha?

Juni ilipofika nikaanza kampeni.

"Hivi mume wangu, Zanzibar Julai si kumejaa watalii? Bei zote ziko juu." Halafu nikaleta habari za Lushoto. Hewa safi, milima, misitu, ukimya, mahali pa kuotea moto wawili. Nikaongea kama nalipwa na bodi ya utalii.

Akaniangalia kidogo, akasema, "Lushoto? Sawa." Hakuuliza kitu kingine. Nikashukuru Mungu kwa kunipa mwanaume asiye mgumu.

KONA ZA SONI

Tuliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri ya saa kumi na mbili. Kama hujawahi kupita njia hiyo, ni hivi: unakwenda hadi Chalinze, unashika njia ya kaskazini, unavuka daraja jipya la Wami, unafika Segera ambako barabara ya Tanga inachepuka kulia, unanyoosha hadi Korogwe. Hapo mashamba ya mkonge yanaanza, mistari imenyooka kama daftari la hesabu. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miaka mingi mkoa wa Tanga uliishi kwa zao hilo.

Mombo ndipo mnapoiacha barabara kuu. Kutoka hapo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kupanda. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unachungulia vichwa vya miti. Dereva anapiga honi kila kona. Joto la Mombo linabaki chini kama mtu aliyekataa kupanda basi, na ukifika Soni, penye maporomoko ya maji unayoyaona ukiwa barabarani, tayari watu wanafunga madirisha.

Mimi nilikuwa nimeegemea kiti cha mbele, tumbo linacheza. Mume wangu akanipa ndimu ninuse, akanishika mgongo hadi tukafika. Kila aliponishika, nilijisikia vibaya zaidi. Na si kwa sababu ya kona.

MJI WA KUVAA SWETA

Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400. Wajerumani waliupa jina la Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, wakajenga majumba ya mawe na kupanda kujipoza na joto la pwani. Hadi leo baadhi ya majengo yale yamesimama. Wanasheria wengi nchini wanaufahamu mji huu kwa sababu Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa.

Tulipata chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni, si mbali na soko. Kitanda, meza, mablanketi mawili na ndoo ya maji ya moto asubuhi. Mapokezi palikuwa na ua dogo la zambarau kwenye kopo, lile ambalo wengi tunadhani ni la Ulaya kwa sababu tunaliona kwenye madirisha ya sinema zao. Kumbe kwao ni huku Tanga na Usambara. Jina lake la kitaalamu la zamani, Saintpaulia, limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao miaka ya 1890. Ua letu limezunguka dunia nzima, nasi tukalisahau.

Kama mfuko wenu unaruhusu zaidi ya wetu, yapo mengine. Irente kuna shamba la kanisa la Kilutheri lenye vyumba na nyumba za wageni, na kuna loji zilizokaa ukingoni kabisa mwa jabali. Kati ya Soni na mjini kuna hosteli ya masista, St. Eugene's, tulivu na safi. Mkitaka kwenda mbali, mbele ya Mlalo hadi ukingo wa kaskazini, kuna Mtae na Mambo, ambako mawingu huwa chini yenu.

Chakula? Msiende Lushoto kutafuta pweza. Nendeni sokoni asubuhi mwone kabichi, karoti, hoho na viazi vikishushwa kutoka mashambani, na nyanya kwenye matenga, zile zile mnazozinunua Dar kwa bei mara mbili. Pembeni kuna vibanda vya mama ntilie. Ugali, maharage, mboga za majani zilizochumwa alfajiri ileile, parachichi, chai ya tangawizi. Siku ya kwanza tulikula hapo, mama mmoja akanifundisha kushukuru kwa Kisambaa: "Hongea." Mume wangu akacheka nilivyolitamka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mbezi.

UKINGONI, IRENTE

Siku ya pili tukachukua kijana wa kutuongoza. Lushoto kuna vikundi vya wenyeji vinavyofanya kazi hiyo, na kinachojulikana zaidi ni Friends of Usambara. Nawashauri mchukue mtu. Njia mnaweza kuipata wenyewe, lakini yeye ndiye atakayewaonyesha kinyonga mwenye pembe tatu ambaye nyinyi mngempita mkidhani ni jani.

Na ndiye atakayewapa hadithi. Njiani alitusimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, ambaye ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Wakamwogopa, wakamtenga. Akaondoka na mbwa wake, akafika milima hii, akawagawia Wasambaa nyama ya nguruwe mwitu, akawaulia simba, nao wakampa ufalme. Ukoo wake, Wakilindi, wakatawala kutoka Vuga, si mbali na Soni, na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi akaandika kitabu kizima, Habari za Wakilindi.

"Kwa hiyo yote yalianza kwa ndugu kugombania mali," mume wangu akasema.

"Ndiyo, kaka. Kama kawaida," kijana akajibu. Wakacheka wote wawili. Mimi nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kutoka mjini hadi Irente ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, taratibu, kati ya mashamba na miti. Tulipita kwanza pale shambani kwa chakula cha mchana: mkate wa ngano nyeusi, jibini inayotengenezwa hapohapo, jemu, mboga mbichi. Usitarajie mahanjumati. Ni chakula cha kawaida chenye ladha ya kitu kilichotengenezwa jana na mtu unayeweza kumsalimia.

Halafu ukingo. Sijui nikuelezeje. Unatembea kwenye mwamba kama uwanja wa nyumba, halafu mlima unakwisha. Chini yako kuna karibu mita elfu moja za hewa tupu. Mazinde ni vipaa vya mabati vinavyometameta, barabara kuu tuliyopita jana ni uzi, na zaidi ya hapo nyika ya Wamasai inakwenda hadi macho yanachoka. Kijana wetu, ambaye nadhani ameona wanandoa wengi, akasogea mbali akajifanya anatafuta ndege.

Nikasema sasa au basi.

"Ile hela ya Zanzibar," nikaanza.

"Laki tatu na elfu sitini," akasema.

"Nini?"

"Ndiyo iliyobaki siku ile. Meseji ya benki inakuja kwenye simu zote mbili, mke wangu. Wewe ndiye uliyejaza fomu."

Nilitamani mwamba ule unimeze. Miezi minne! Miezi minne mwanaume anakula chakula changu, ananisikiliza nikisifia ukungu, anajua.

"Sasa mbona hukusema?" nikapandisha sauti. Ndiyo, msomaji wangu, mkosaji ni mimi na sauti niliipandisha mimi.

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Kila siku nasema labda leo." Akanyamaza kidogo. "Mdogo wako ni shemeji yangu. Ungeniambia ningetoa. Sikuumia kwa hela. Ila ulivyokaa dakika arobaini unanieleza uzuri wa baridi, ndipo nikaona mimi ni mjinga kwako."

Sikuwa na jibu. Ninaandika ushauri kila mwezi, sikuwa na jibu.

BLANKETI MOJA KILA MTU

Ningependa kukwambia tulikumbatiana pale ukingoni jua likizama. Hatukufanya hivyo. Tulirudi mjini yeye akiongea mpira na kijana wetu, mimi nikifuata nyuma. Usiku ule mablanketi mawili yakagawanywa: moja lake, moja langu. Kama hujawahi kulala Lushoto mwezi wa saba na blanketi moja, huijui baridi.

Nikakesha nikijiuliza swali ambalo huwa nawauliza nyinyi: kwa nini nilificha? Si kwamba mume wangu ni mkali. Si kwamba angekataa. Jibu likaja karibu na alfajiri, na sikulipenda. Miaka miwili kabla, yeye alinunua mabati kwa ajili ya nyumba ya shangazi yake bila kuniambia. Nilipojua, nilinuna wiki mbili. Nikamwambia maneno mazito, kwamba ndugu hawaishi, kwamba tukiendekeza ukoo hatutajenga. Sheria ile niliitunga mimi. Halafu zamu yangu ilipofika, nikaona aibu kumwomba kitu ambacho nilimnyima yeye. Rahisi zaidi ilikuwa kuiba.

Asubuhi tulikwenda msitu wa Magamba. Ni sehemu ya milima inayoitwa Tao la Mashariki, misitu ya kale yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Miti imevaa ukungu, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu na mikia kama shali, na miguu yako haitoi sauti kwenye majani. Ni mahali pabaya sana kwa watu walionuniana, maana hakuna kelele ya kujifichia.

Nikamwambia habari ya mabati. Kwamba nilikuwa nimekosea tangu kule. Hakusema kitu kwa hatua nyingi. Halafu akasema, "Tukirudi mjini tununue kaunta buku."

Basi bwana, tukanunua kaunta buku kwenye duka la vifaa vya shule. Tukakaa kwenye meza ya chumba, chai ya tangawizi katikati, na kila mtu akaandika ndugu zake wote anaowasaidia, na kiasi gani. Mimi nikaandika yangu, kuanzia mdogo wangu hadi dawa za presha za mama. Yeye akaandika yake. Nilipogeuza daftari nisome, mstari wa tatu ulikuwa ada ya shule ya mtoto wa shangazi. Kila muhula. Kwa miaka miwili. Yaani tangu siku niliponuna.

Nikamwangalia. Akaangalia kikombe.

"Ulisema ndugu hawaishi," akasema polepole. "Nikaona nisikusumbue."

Kwanza nilitaka kukasirika. Alinisimamisha ukingoni kama mshitakiwa, kumbe na yeye ana lake! Halafu nikaanza kucheka, naye akacheka, mpaka dada wa mapokezi akaja kugonga kuuliza kama tuko salama. Usiku ule mablanketi yakarudi kuwa mawili, moja juu ya jingine.

BAHARI NILIYOAHIDI

Siku ya mwisho nikajua tunarudi Dar. Kumbe asubuhi alikuwa ameshakata tiketi za Tanga. "Uliniahidi bahari," akasema. "Hela iliyobaki inatosha usiku mmoja." Zile laki tatu na sitini, pamoja na tulizoendelea kuweka Aprili hadi Juni, zilikuwa laki saba na elfu ishirini, na kule milimani hatukuwa tumezimaliza.

Tukashuka kona zote zile, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, joto likipanda nasi tukivua nguo moja moja. Tanga imekuwa jiji tangu 2005, lakini bado ina mwendo wa baiskeli. Tulipita Ngamiani, ambako mitaa ina namba badala ya majina na mtu anakuelekeza kwa barabara ya ngapi, tukanywa kahawa chungu na kashata barazani. Tulichungulia mapango ya Amboni, yako karibu tu na mji. Jioni tukaenda Raskazone, samaki wa kukaanga na mihogo kwenye sahani moja, miguu inaning'inia juu ya maji.

Haikuwa Zanzibar. Hakukuwa na mtu wa kutuletea juisi yenye mwavuli. Lakini katika miaka mitano ilikuwa mara ya kwanza kukaa na mume wangu nikijua kwamba anajua kila shilingi ninayoitoa, na mimi ninajua zake. Ni hisia ngeni kidogo, kama kuvua viatu vilivyokuwa vinakubana na hukujua.

Mdogo wangu amesharudisha laki sita. Kaunta buku iko kwenye droo ya jikoni, na tunaifungua kila mwisho wa mwezi. Mara nyingine tunagombana juu yake, sitawadanganya. Februari tuligombana kwa ajili ya mchango wa harusi ya binamu hadi mtu akalala sebuleni. Lakini tunagombana juu ya kitu ambacho wote tunakiona.

Kwa hiyo, mkipanga kwenda Lushoto, bebeni sweta nene hasa Juni hadi Agosti, na viatu vya kutembea. Epukeni masika kama hampendi matope. Mwenye tumbo jepesi akae viti vya mbele na ndimu mkononi. Tengeni walau siku tatu, maana ya kwanza yote inakwisha njiani, na mkishuka pitieni Tanga, msiipite Segera kana kwamba haipo.

Na kama kuna meseji ya benki ambayo unadhani mwenzako hakuiona, mwambie kabla hamjapanda basi. Ukingo wa Irente ni mzuri zaidi ukiutazama bila mzigo.

Tukutane mwezi ujao.